Naomba ushauri: wageni wanalalamikia joto kwenye nyumba ninayopangisha

Habari zenu wakuu. Nina nyumba ndogo ninayopangisha kwa wageni wa likizo. Haina kiyoyozi, na kwenye tangazo nimeandika hivyo waziwazi. Feni zipo kila chumba. Juzi saa sita usiku mama mmoja kanitumia picha ya mtoto wake kalala chini kwenye vigae, shuka limelowa jasho. Iliniuma sana. Sasa anadai nusu ya pesa yake.

Paa ni la bati na chumba cha juu hakina dari, kwa hiyo joto linabaki hata jua likishazama. Nawaambia wafunge mapazia mchana, wafungue madirisha usiku, lakini wanaogopa mbu. Wavu madirishani sijaweka, hilo ni kosa langu.

Je, nimrudishie? Na nianze na dari au kiyoyozi?