Kamera ya "megapikseli 48" iliyoniharibia likizo ya mama yangu hapa Lamu

Assalamu alaykum, waungwana. Naandika nikiwa nimekasirika, na naomba radhi mapema kwa urefu wa maneno yangu, kwa kuwa jambo lenyewe limenigharimu shilingi 8,500, likizo nzima ya Agosti, na picha ambazo mama yangu, mwenye umri wa miaka 76, alizingoja kwa hamu ili azitie katika albamu yake na ambazo sasa hazipo. Nimeuziwa kamera ya dijitali ambayo karibu kila neno lililoandikwa kwenye boksi lake ni la kupotosha, na nilipoirudisha nilioneshwa mstari mdogo ulio chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Dada yangu anakaa Mombasa, na alikuwa anakuja na watoto wake watatu kukaa nasi wiki mbili. Nilitaka kamera ndogo ya kutia mfukoni mwa kanzu, yenye kitufe ambacho hata mama angeweza kukibonyeza bila kufundishwa mara mbili, isiyozidi shilingi elfu kumi, itakayopiga picha za nyumbani, za njiani na za matembezi yetu ya ufuoni Shela na kwenye magofu ya kale ya Takwa, kisiwani Manda, kisha nizipeleke studio zikasafishwe. Niliuliza humuhumu jukwaani kabla ya kununua, na majibu niliyoyapata, yakikamuliwa, yanatoa neno moja tu: megapikseli, yaani idadi, kwa mamilioni, ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Tafuta yenye nyingi, mkaniambia, hutajuta.

Nikaenda dukani na neno hilo. Muuzaji, ambaye simtaji yeye wala duka lake, aliweka kamera mbili mezani. Moja ilikuwa imetumika, ya megapikseli 12, yenye lenzi inayotoka nje ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima. Nyingine ilikuwa mpya ndani ya nailoni yake, na boksi lake lilikuwa na stika tatu: megapikseli 48, zumu (kuvuta karibu kilicho mbali) mara 16, na ya tatu inayodai kuwa mkono ukitikisika picha haitikisiki. Bei zilikuwa karibu sawa. "Mwalimu," akaniambia, "arobaini na nane ni kumi na mbili mara ngapi?" Mimi nasomesha hesabu. Nikajibu mara nne, nikatoa pesa, na kwa hiyo sehemu ya hasira zangu ni juu ya nafsi yangu.

Siku ya kwanza tulipiga picha ndani. Nyumba zetu za mawe mnazijua: kuta nene, madirisha machache, na mwanga unaoingia zaidi kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mama alikaa mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa buibui lake, mjukuu mdogo pajani. Bila flashi picha ilijaa chembechembe kama mchele uliomwagwa mkekani. Kwa flashi uso wa mama ukawa mweupe kama chokaa na buibui likamezwa na giza la nyuma yake, hata ukaonekana uso unaoelea peke yake hewani. Sababu ya zile chembechembe nimekuja kuijua baadaye. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, katika kamera nyingi ndogo kina kama milimita 6.2 kwa 4.6, na katika hizi za bei ya chini kabisa aghalabu huwa kidogo zaidi ya hapo. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni kama mara nne, na ndiyo maana inastahimili chumba chenye taa moja. Sidai kwamba ningeimudu RX100. Nadai kwamba ukubwa wa kihisi ndilo jambo la kwanza la kumwambia mnunuzi, nao haukuandikwa popote kwenye boksi. Na muuzaji, nilipomuuliza baadaye, alidhani naulizia king'ora cha gari.

Njiani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mji Mkongwe wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na watu huvuka bahari kuja kupiga picha milango ya nakshi na vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana humo, mmoja hulazimika kungoja. Ukitaka kuupiga mlango wote, juu mpaka chini, pamoja na watoto watatu waliokaa barazani, mgongo wako unagusa ukuta wa jirani kabla hujapata nafasi ya kutosha. Hapo kinachotakiwa ni lenzi pana. Kwenye kamera zinazosema ukweli upana huo huandikwa kwa milimita, na namba ikiwa ndogo ndipo lenzi inapoona sehemu kubwa zaidi: inayoanzia 24 au 25 inafaa sana vichochoro vyetu, ya 28 inatosha, ya 35 itawakata watu vichwa. Kamera yangu haikuwa na namba yoyote, na ilikata vichwa. Katika majibu yote niliyopewa humu hakuna hata mmoja aliyeutaja upana, ingawa najua baadhi yenu mmezaliwa humu mtaani Mkomani na mnajua njia zilivyo. Tena ilikuwa inachelewa: unabonyeza, inafikiri, halafu inapiga. Punda niliyembonyezea akiwa mbele yangu alitoka kwenye picha akiwa mkia.

Sasa Takwa, na hapa naomba mnivumilie. Takwa haiendeki kila saa. Mashua hupita katika mkondo wa mikoko wakati maji yamejaa, na yakianza kutoka lazima muondoke, kwa hiyo muda ni mchache na hakuna kurudi kesho kwa kuwa picha ya leo imeharibika. Mpwa wangu mkubwa alitaka apigwe akiwa mbele ya magofu ya msikiti, na ile nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla ionekane vizuri. Nikabonyeza zumu. Lenzi haikusogea hata kidogo. Kwenye kioo nguzo ilikuwa ikikua na kukua, lakini kadiri ilivyokua ndivyo ilivyogeuka ukungu, mpaka mwisho haikuwezekana kujua kama ni nguzo au ni mbuyu.

Zumu ya kweli hutokana na vioo vya lenzi vinavyosogea. Zumu ya dijitali ni mkasi: kamera hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua ijaze nafasi. Mara 16 maana yake ni kwamba umebakiwa na sehemu moja kati ya kumi na sita ya upana, na moja kati ya kumi na sita ya urefu, yaani sehemu moja kati ya 256 ya picha yote. Gawanya milioni 48 kwa 256, utapata pikseli 187,500. Hivyo ndivyo ingekuwa kama milioni 48 zingekuwa za kweli.

Nazo hazikuwa za kweli. Wageni walipoondoka nilipeleka memori kadi studio, na fundi wa pale, ambaye kazi yake kubwa ni picha za pasipoti, alizitazama picha mbili tatu kwenye kompyuta akaniuliza kama niliwahi kuipunguza kamera mpaka megapikseli 8. Akanituma nje nikapige ubao mmoja wa duka mara mbili, kwanza kwa 48 halafu kwa 8, nikiwa nimesimama palepale. Tulipozilinganisha, herufi ambazo hazikusomeka katika moja hazikusomeka katika nyingine. Faili la kwanza lilikuwa zito zaidi, basi. Kihisi, akasema, ni cha milioni 8, na zile 40 zilizobaki kamera inazibuni yenyewe kwa kukadiria rangi iliyo kati ya nukta mbili jirani. Ni kama kutia maji kwenye tui: sufuria inajaa, nazi ni ileile.

Nikarudia hesabu yangu. Milioni 8 kwa 256 ni pikseli 31,250. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya dijitali ya kwanza, ambayo ilipiga picha ya pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000, ikachukua sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti. Nguzo ya Takwa, katika kamera mpya niliyoitoa ndani ya nailoni, imezidi majaribio yale kwa mara tatu tu na kidogo.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Picha ya albamu ya mama ni ya inchi 4 kwa 6. Ikisafishwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, ambazo ni 2,160,000. Milioni 8 zingemtosha na kubaki. Ile ya 12 iliyotumika, yenye lenzi ya kweli, ingemtosha zaidi. Uongo wenyewe haukuwa na haja.

Nilirudi dukani. Muuzaji alisema kwanza kwamba sijui kuitumia, kisha kwamba picha nzuri ni mkono, kisha akanionesha ule mstari wa risiti. Nilimkumbusha kwa utulivu, ingawa moyoni sikuwa na utulivu, kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili anufaike nayo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake, na kwamba maneno ya chini ya risiti hayawezi kuifuta Katiba. Akacheka. Nilitazama juu ya meza ile kamera iliyotumika, ilikuwa imeshauzwa. Jumatatu nitarudi na zile picha mbili za ubao zikiwa zimesafishwa kwa ukubwa mmoja, nimsomee herufi mbele ya wateja wake, na akikataa tena nitaandika malalamiko rasmi.

Nanyi mnaojibu maswali humu kwa namba moja, nawaomba mwache. Mtu akiuliza kamera rahisi ya likizo, mwulizeni anakwenda wapi, atapiga ndani au nje, na picha zitaishia kwenye simu au kwenye karatasi. Kisha mwambieni awashe kamera dukani na atazame kama lenzi inatoka.

Nyongeza, saa mbili usiku: Nimesoma majibu. Kwa ndugu aliyeandika "tumia simu tu mwalimu", nakubali kwamba simu yoyote ya kawaida ingeishinda kamera hii, na nalikubali kwa uchungu. Lakini simu yangu ndiyo wazazi wa wanafunzi wanayonipigia, betri yake haifiki adhuhuri, na mama hawezi kuitumia kwa kuwa kidole chake kikigusa kioo kinafungua mambo asiyoyataka. Isitoshe, simu ya dada ilitumbukia majini pale gatini siku ya tatu, ikaondoka na picha zake zote.

Kwa aliyenishauri kamera isiyoingia maji: Olympus TG-6 huzama mpaka mita 15 na ingefaa sana mchanga wa Shela, ambao kwa pepo za kusi uliingia mpaka ndani ya mlango wa betri. Bei yake inapita mfuko wangu. Kodak PIXPRO FZ55, ya megapikseli 16 na zumu ya lenzi mara 5 inayoanzia milimita 28, ndiyo ninayoiona inakaribia haja yangu, na naomba aliyewahi kuishika aniambie inavyofanya ndani ya nyumba yenye giza.

Na kwa wawili walionitumia ujumbe faraghani wakitaka kuniuzia kamera zao: watoto wanarudi Desemba, kwa hiyo nina nia. Njooni nazo mbele ya Ngome saa kumi jioni, zikiwa na betri na chaja yake. Nitapiga ubao mmoja karibu na mbali, nitapiga mtu mmoja chini ya kivuli, na kadi tutaifungua kwenye kompyuta ya studio kabla sijatoa hata shilingi.