Kila mkubwa alijua Paulo hana hatia. Mbona alikaa gerezani miaka miwili?

Alto_wa_Pili

Shalom wapendwa. Kwaya yetu huenda kuimba mahabusu tukipata kibali. Safari iliyopita somo lilikuwa Matendo 16, Paulo na Sila kule Filipi: bakora, mkatale miguuni, nyimbo usiku wa manane, tetemeko, milango wazi. Tulipomaliza kijana mmoja akanyoosha mkono. "Dada, kosa sijafanya, na kila usiku naimba. Mbona mlango wangu haufunguki?" Kiongozi wetu akamwambia avumilie, Mungu ana mpango. Nilimwona yule kijana akiinamisha kichwa, nikaumia sana.

Nimesoma mbele hadi sura ya 26. Paulo huyohuyo anafungwa Kaisaria miaka miwili na hakuna tetemeko. Lisia, jemadari wa Kirumi aliyemkamata, anaandika kwamba hakuona shtaka la kustahili kifo wala kifungo. Liwali Festo anasema vivyo hivyo, mfalme Agripa naye. Basi kilichomweka ndani ni nini? Naomba msinijibu "mpango wa Mungu" halafu mkaishia hapo.

Mlokole_Mtulivu

Dada, soma 23:11. Bwana alimwambia ni lazima akamshuhudie na Rumi. Gereza ndilo lililomfikisha.

Alto_wa_Pili

Amina, lakini neno hilo aliambiwa kabla hata hajapelekwa Kaisaria. Linaeleza alikokuwa anakwenda. Ile miaka miwili bado sijaielewa.

Karani_Mstaafu

Mwanangu, nimekaa kwenye masijala ya mahakama hadi nikastaafu, na sura ya 24 naisoma kama jalada la kesi.

Tazama 24:22. Feliki, liwali aliyemtangulia Festo, amesikiliza pande zote mbili. Mashahidi wenyewe, wale Wayahudi wa Asia waliodai kumwona hekaluni, hawakufika, na Paulo anamwonyesha jambo hilo waziwazi. Kesi ilipaswa kufutwa siku hiyo. Liwali anasema, akija jemadari Lisia nitaamua. Anaahirisha. Sasa tafuta Lisia amekuja sura gani. Luka haandiki popote kwamba alikuja. Aliyewahi kusimama kizimbani akaambiwa "upelelezi haujakamilika", akarudishwa ndani, tena na tena, analijua ahirisho hilo.

Sababu iko mstari wa 26, imeandikwa bila kificho: Feliki alitumaini kupewa fedha na Paulo, ndiyo maana akawa anamwita mara kwa mara. Paulo alikuwa amekwisha kutaja mbele yake kwamba alileta sadaka kwa taifa lake, na mimi naamini sikio la liwali lilisimama hapo. Marafiki walikuwepo, huenda hata fedha zingepatikana. Hakutoa. Kisha mstari wa 27, Feliki anaondoka kazini na kumwacha kifungoni ili awapendeze Wayahudi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Luka hakuandika kwamba Mungu alimfungia mlango. Ameandika jina la mtu, cheo chake na tamaa yake. Mungu aliitumia safari ile, sikatai, lakini dhuluma imebaki kwa Feliki mwenyewe. Tukimwambia mfungwa asiye na hatia "ni mpango" na tukanyamaza kuhusu rushwa, tumemfichia Feliki jambo ambalo Maandiko yenyewe hayakumfichia.

Usiruke 25:26-27 pia. Festo anamtuma mtu kwa Kaisari na hajui aandike shtaka gani! Mtu ameshamaliza miaka miwili ndani na hati haina kosa. Niliposoma mara ya kwanza nilifunga Biblia nikatembea uani.

Mwana_wa_Pwani

Mzee Karani, shikamoo. Umenifungua macho. Naongeza kwamba hata huko nyuma si wote waliofunguliwa. Matendo 12 inaanza na Yakobo kuuawa kwa upanga, ndipo Petro anatolewa na malaika. Kanisa ni lilelile, mfalme ni yuleyule. Yohana Mbatizaji naye hakutoka. Alituma wanafunzi wake kumwuliza Yesu kama ndiye yule ajaye, akajibiwa kwa habari za vipofu kuona na viwete kutembea, na bado akakatwa kichwa humohumo gerezani. Hakuna mahali Yesu anamlaumu kwa kuuliza.

Alto_wa_Pili

Na mimi shikamoo yangu imfikie mzee. Basi sisi tulio nje tufanye nini? Kuimba tu?

Karani_Mstaafu

Marahaba wanangu. Imbeni, ila someni pia Yeremia 38. Nabii amezama kwenye tope la shimo, na Ebed-meleki, Mkushi, anamwendea mfalme langoni pa Benyamini, mbele za watu, anasema wazi kwamba watu hawa wametenda vibaya. Anapewa watu 30. Halafu kabla ya kushusha kamba anakwenda kutafuta matambara makuukuu, amwambie Yeremia ayaweke makwapani ili kamba isimchubue.

Kwa upande wenu, ulizeni namba ya kesi, tarehe ya kutajwa, na kama dhamana iko wazi lakini wadhamini hawajapatikana. Wengi wanakwama hapo kwenye wadhamini, kwa sababu ndugu wako mbali na hawana habari. Barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, mtu wa kwaya anaweza kuvifuatilia.