Mti upi wa jamii ya mnazi utastahimili baridi ya pwani ya kusini ya Uingereza?

BintiChake

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni mzaliwa wa Pemba na ninaishi Bournemouth, ambako mwaka jana tulihamia nyumba yenye bustani ndogo kwa nyuma, yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 11. Ningependa kupanda walau mti mmoja wa jamii ya mnazi utakaokaa nje mwaka mzima, bila kuingizwa ndani wala kuwashiwa hita. Mnazi wenyewe najua hautawezekana, kwa hiyo sitawasumbua kwa swali hilo.

Baridi ya hapa si kali kwa kipimo cha Ulaya. Usiku mwingi huwa juu ya sifuri, jalidi huonekana baadhi ya asubuhi, na usiku mmoja wa Januari iliyopita kipimajoto changu cha uani kilishuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Udongo ni wa kichanga. Ardhi inateremka kutoka nyumbani hadi kwenye uzio wa mbao, na kona ya chini kabisa, ambayo ndiyo ninayoiona ninapokuwa jikoni, hubaki na majimaji siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Ninakusudia kupanda hapo.

Kitalu cha karibu kimenionyesha miti mitatu: mmoja una majani ya duara kama pepeo, mfano wa majani ya mvumo, mwingine ni mtende wa Visiwa vya Kanari, na wa tatu una majani kama mapanga, ambao muuzaji aliuita mtende wa Torbay. Moyo wangu umeuangukia huo wa Kanari, kwa kuwa ndio unaofanana zaidi na nilivyovizoea. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine 7. Mnanishauri nini?

MzeeWaKitalu

Wa aleikum salaam, binti yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilifanya kazi ya vitalu hapa Devon kwa miaka 19 kabla ya kustaafu. Umeuliza juu ya mti, lakini mimi nitaanza na ile kona, kwa sababu hapo ndipo mti wowote utakaoununua utakapofia.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na usiku wa utulivu usio na mawingu huteremka polepole kufuata mwinamo wa ardhi kama maji, hadi ikutane na kizuizi. Uzio wako wa mbao ndio kizuizi hicho. Kipimajoto kilichotundikwa karibu na mlango kikisoma nyuzi 5 chini ya sifuri, kule chini kwenye uzio huenda ni 7. Ongeza na hayo majimaji: miti ya jamii hii huvumilia baridi kavu kuliko baridi yenye unyevu, kwa kuwa mizizi iliyokaa kwenye maji baridi huoza, na mti usio na mizizi mizuri hauna cha kuufufua wakati wa machipuko. Basi panda juu, karibu na nyumba, na ukiwa na ukuta unaoelekea kusini, hapo ni bora zaidi, kwa maana ukuta hufyonza joto la jua mchana na kulirudisha usiku. Jikoni utauona kwa pembeni, nawe utasamehe.

Sasa miti. Huo wa Torbay uondoe kwenye orodha ikiwa unachotaka ni mti wa jamii ya mnazi. Ni Cordyline australis, asili yake New Zealand, na kwa ukoo ni ndugu wa mkonge kuliko wa mtende. Ulipendwa sana huku kwetu hadi Disemba 2010, ambayo ilikuwa Disemba yenye baridi kuliko zote tangu kumbukumbu za kitaifa zilipoanza mwaka 1910. Nilishuhudia mistari mizima ya miti hiyo ikigeuka kahawia na kulegea. Mingi ilichipua tena kutoka shinani, lakini umbo lake la awali halikurudi.

Ule wenye majani kama ya mvumo bila shaka ni Trachycarpus fortunei, mtende wa Kichina. Huu ndio jibu langu. Robert Fortune, Mskoti mkusanyaji wa mimea, aliuona katika kisiwa cha Chusan na kutuma miche Uingereza mwaka 1849, na mmoja ulipandwa Osborne, kwenye makazi ya Malkia Victoria katika Kisiwa cha Wight, kile kile unachokiona ukisimama ufukweni kwako siku ya anga safi. Shina lake limevikwa nyuzinyuzi za kahawia zinazonikumbusha kilifu cha mnazi, na Wachina walizitumia kusokota kamba na kutengeneza makoti ya mvua. Mti uliokomaa huhimili hadi nyuzi 15 hivi chini ya sifuri, kipimo ambacho Bournemouth haitakifikia kirahisi. Vikonyo vyake vina meno madogo tu, si miiba ya kuumiza mtoto.

Kasoro yake ni upepo. Majani yake ni mapana na laini kidogo, na pwani huchanika na kuning'inia vipande vipande hata kama mti wenyewe ni mzima. Ikiwa nyumba yako iko karibu na bahari, tafuta ule unaouzwa kwa jina la wagnerianus, ambao majani yake ni madogo na magumu na hayababaishwi na upepo. Hukua taratibu na bei yake ni ya juu kidogo.

MjukuuWaMkwezi

Kwa heshima zote kwa Mzee, nadhani mtende wa Kanari umenyimwa nafasi ya kujitetea. Ninao mmoja kusini mwa London tangu ulipokuwa wa kimo cha goti, na sasa ni mwaka wa 12. Baridi ya Disemba 2022 iliunguza karibu majani yote ya nje, lakini moyo ulibaki mzima, na kufikia Agosti ulikuwa umetoa majani mapya ya kutosha kuficha aibu yake. Nakubali kwamba jiji lina joto lake na kwamba ukuta wa jirani unanisaidia. Hata hivyo Bournemouth si Scotland, na mtende huo huanza kudhurika vibaya kwenye nyuzi 6 hadi 8 chini ya sifuri tu.

Kama dada anataka majani marefu ya mnyoosho na hataki kubahatisha, kuna Butia, wa Brazili na Uruguay, wenye makuti ya rangi ya kijivu yanayopinda kama upinde. Huvumilia takriban nyuzi 10 chini ya sifuri ukiwa umekomaa, na matunda yake huliwa. Sharti lake ni udongo usiotuamisha maji, na wa kichanga, kama wake, unaufaa kabisa.

Mvuvi_Setubal

Ninaandika kutoka Ureno, ambako mitende ya Kanari imepandwa kila mahali, na kwa sababu hiyo nimeona mengi yake. Baridi naiacha kando. Niruhusuni nitaje mambo mawili.

Kwanza ni ukubwa. Mche wa mita moja na nusu unaovutia pale kitaluni utakuwa na kitanda cha majani chenye kipenyo cha mita 6 au zaidi kabla shina halijainuka, maana mti huu hunenepa kwanza ndipo urefuke. Bustani ya upana wa mita 6 haitabaki na njia. Na chini ya kila kuti, karibu na shina, kuna miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Mimi mwenyewe nilichomwa kiungo cha kidole nilipokuwa nikipogoa, kidole kikavimba kwa wiki tatu. Kwa watoto wa miaka 4 na 7 sishauri.

Pili ni fukusi mwekundu wa mitende. Wale waliokulia pwani yetu wanamjua chonga anayetoboa minazi. Huyu ni balaa la namna hiyo hiyo, lakini kwa mtende wa Kanari ni hatari zaidi. Jike hutaga mayai penye majeraha, hasa makuti yaliyokatwa upya, na viluwiluwi hula shaha kimyakimya ndani, hadi siku moja kichwa chote cha mti kinalala kama mwavuli uliovunjika mbavu. Kila shina la mti wa jamii hii lina kitovu kimoja tu cha kukulia, na kikiliwa hakuna tawi litakalokirithi. Kwa hiyo mti wowote utakaonunua, uliza umetoka wapi na hati yake ya afya ya mimea iko wapi. Muuzaji makini hatachukia kuulizwa.

BintiChake

Nawashukuru sana, na Mzee, shikamoo; nilisahau adabu hapo mwanzo. Miiba imeamua, wa Kanari nimeuacha. Nyumba iko kama mita 600 kutoka baharini na upepo wa kusini-magharibi unatufikia bila kizuizi, basi nitatafuta huo wagnerianus na kuupanda juu, karibu na ukuta wa jikoni unaoelekea kusini. Nimebaki na maswali mawili. Je, nipande sasa, mwezi wa Oktoba, maana kitalu kinauza kwa bei ya punguzo? Na je, mkindu wetu, ambao mama yangu alisukia mikeka ya majani yake, hauwezi kabisa?

MzeeWaKitalu

Marahaba, mwanangu. Nianze na mkindu, maana hata mimi umenigusa. Kwetu huota hadi nyanda za juu na hustahimili jalidi nyepesi, lakini kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri majani huungua, na kwa kuwa hapa hali hiyo hurudi karibu kila mwaka, utakuwa unaanza upya kila machipuko. Nao una miiba. Ukitaka kitu kinachotoa machipukizi mengi kama mkindu, uko Chamaerops wa nchi za Mediterania, ila vikonyo vyake pia huchoma. Subiri watoto wakue.

Punguzo la Oktoba ni la muuzaji, si la mti. Mizizi hukua udongo ukiwa na joto, na mti uliopandwa Oktoba hukutana na Januari ukiwa bado umeshikilia umbo la chungu chake. Ukiununua sasa kwa ajili ya bei, uweke kwenye baraza isiyofikwa na jalidi, umwagilie kidogo sana, kisha upande mwishoni mwa Aprili au Mei. Usiuache uani ndani ya chungu, kwa sababu mizizi iliyo juu ya ardhi hugandishwa pande zote. Upande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho chunguni, wala usizike shina.

Kwa majira mawili au matatu ya kwanza, usiku wa baridi kali ukitabiriwa, kusanya majani juu, uyafunge kwa kamba na kuyavika kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha hewa. Nailoni usitumie kabisa, kwani hufungia unyevu kwenye moyo wa mti. Baridi ikipita, fungua siku hiyo hiyo.

Mwezi Machi, shika jani changa la katikati ambalo halijafunuka na ulivute kwa upole. Likikataa, mti ni mzima. Likitoka mkononi likiwa na ncha iliyooza, safisha tundu lake, ulikinge na mvua, halafu usiguse kitu. Nimewaona wateja wengi waking'oa mwezi Aprili mti ambao ungetoa jani jipya mwezi Julai.