Eti "F ni ya Fasta"! Nimechoka na yule mla mabuyu

Kaskazi_Kavu (Malindi)

Wadau sijalala. Naandika kwa simu kwa sababu kompyuta yangu mpya imekuwa taa ya Idi. Inawaka buluu, inawaka nyekundu, fani inavuma kama jahazi limepata upepo, picha HAKUNA.

Yule jamaa mnamjua. Sitamtaja, akijiona hapa atafurahi. Duka lake upana wa kabati, ukitoka soko la zamani kama unashuka baharini, na mdomo wake haujawahi kuwa mtupu tangu azaliwe. Kama hajakula pesa yako basi wewe si wa Malindi, umekuja kutalii.

Nimekwenda na elfu kumi na tatu taslimu. Nikamwambia polepole kama mtoto anasoma juzuu: "Kaka, sina kadi ya picha. Sina pesa ya kadi ya picha. Nataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye picha yake mwenyewe ndani, nicheze GTA V na mpira, basi." Akatafuna. Akatema kokwa. Akanipa i3-12100F. Mimi si mjinga, nikauliza: "Na hii F hapa mwisho ni ya nini?" Akanitazama machoni, wallahi machoni, midomo myekundu pyu, akanambia:

"F ni ya Fasta."

Fasta.

Nimefika nyumbani nimefunga kila kitu mwenyewe. Pesti ya kupoza prosesa nimetia tone, si kama wale wanaopaka siagi. Wadogo zangu wamejipanga kitandani, mama ameacha jiko. Nachomeka HDMI, waya wa kioo, kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, nawasha. Kioo cheusi, na kile kiboksi cha "hakuna signo" kinaelea pembe hii, kinagonga, kinarudi pembe ile. Nimebadilisha waya mara mia. RAM, kile kijiti cha memori, nimeisugua kwa raba. Nimesoma Ayatul Kursi. Mama akauliza kwa upole kabisa, "Ndiyo gemu lenyewe hili?"

Saa nane usiku ndipo naingia mtandaoni kutafuta. Kumbe F ya Intel, hao waliotengeneza prosesa yangu, maana yake prosesa HAINA picha ndani! Herufi yenyewe iliyowekwa kunionya nisinunue ndiyo aliyonambia ni ya Fasta!

Leo asubuhi nimemrudia. Duka limejaa watoto wa madrasa wanangoja kutiliwa nyimbo kwenye memori kadi. Nikamweleza. Akacheka mpaka buyu likampalia. Akasema, "Sasa si fasta? Si imekufikisha kwenye kioo cheusi haraka?" Watoto wakacheka. Kuna mmoja hana meno ya mbele, alicheka kuliko wote. Pesa harudishi, eti boksi limefunguliwa. Boksi ambalo ALIFUNGUA YEYE, na kidole chake chekundu kiko pale pale ubavuni mwa hiyo F kama muhuri wa chifu.

F ni ya Fasta. Mtu mzima, ana ndevu.

Mzee_wa_Gemu

Pole. Lakini umemuuliza mwizi kama mlango umefungwa.

Dafu_Baridi

"Mimi si mjinga, nikauliza." 😂😂😂 Pesti unajua, raba unajua, herufi moja imekushinda.

Fundi_Watamu

Acheni kumcheka, wengi wameingia shimo hilo. Kaka, hata angekupa 12100 isiyo na F ungelia baadaye kidogo. Hiyo ina picha ya UHD 730 ndani. Video sawa, mpira utaenda ukiushusha sana, GTA V utapunguza kila kitu hadi Franklin, yule mhusika wake, awe na uso wa boga. Mtu asiye na kadi na anataka gemu aende prosesa za AMD, washindani wa Intel, zenye G mwishoni. Ryzen 5 5600G ya 2021, kori sita, picha ya Vega 7 ndani. Mfuko ukikaza tafuta 3200G ya mtumba, ya 2019, ina Vega 8. Lakini hakikisha G uione kwa macho yako. 5600 tupu haina picha. 5500 haina picha. Hizo nazo watu wameuziwa hivi hivi.

Kaskazi_Kavu

Angenambia G ni ya Gari.

Dafu_Baridi

G ni ya Gunia, la kubebea hasara.

Binti_Shela

Mimi ninayo hiyo 5600G na ilinitesa miezi miwili kwa ujinga wa RAM. Ile Vega haina memori yake, inakopa kwenye RAM ya kompyuta. Nilikuwa na kijiti kimoja cha GB 8, kila gemu linakwama kama tuktuk kwenye mchanga. Nikaongeza kijiti cha pili sawa na kile, nikavitia kwenye nafasi zinazotakiwa, mashine ikafunguka. Kijiti kimoja ni kunywa dafu kwa mrija uliokunjika. Sasa fikirieni nani aliniuzia kijiti kimoja akanambia "viwili ni vya ofisini."

Kaskazi_Kavu

NI YEYE!! Alikuwa anatafuna?

Binti_Shela

Alikuwa anatafuna.

Msafiri_Mokowe (Lamu)

Nyinyi mna duka la kukudanganyeni, shukuruni. Mimi monita yangu imetoka Mombasa salama, imefika Mokowe salama, kwenye boti mtu akaikalia. Akaikalia! Nilipomwambia akasema alidhani ni trei. Gatini ikapakiwa juu ya punda, punda akaona mwenziwe, akaanza mbio za Maulidi peke yake kwenye uchochoro. Ndoo Amu uone mateso.

Dafu_Baridi

Ndoo ya nini tena?

Msafiri_Mokowe

Ndoo! Njoo! Mswahili gani wewe hujui "ndoo"?

Dafu_Baridi

Mimi najua ndoo ya maji.

Msafiri_Mokowe

Ya "mai". Malindi mmeiuza lugha kwa Wataliano, mwasema "chao" mkiagana.

Mzee_wa_Gemu

Hapo kwa "chao" umetupata.

Kaskazi_Kavu

Jamani. Fasta. Turudi kwenye Fasta. Mbele ya watoto.

Tuktuk_Namba_Saba

Nani amesema tuktuk inakwama kwenye mchanga? Binti Shela, mimi nakubeba kila siku, nimekwama lini?

Binti_Shela

Jumanne.

Tuktuk_Namba_Saba

Jumanne ilikuwa tope.

Fundi_Watamu

Kaskazi, nikuambie kitu: prosesa yako si mbovu. 12100F ni mashine nzuri ya bei ndogo, kori nne, nyuzi nane, inangoja tu kadi. Tafuta kadi ya mtumba, halafu HDMI uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Au iuze.

Mwamba_Barani

Naitaka mimi! Nina kadi ndani, GTX 1050 Ti, imekaa kabatini tangu Ramadhani haina pa kuingia. Unauza ngapi?

Kaskazi_Kavu

Kumi na mbili na boksi lake. Kadi umeitoa wapi?

Mwamba_Barani

Kwa mla mabuyu. Nilimuuliza Ti ni ya nini, akasema "Ti ni ya Timamu."

Dafu_Baridi

Huyu mtu apewe kamusi aandike 😂😂😂

Binti_Shela

Mseme mnavyosema, lakini yale mabuyu ni matamu. Yana iliki, hayajazidi pilipili. Anayatoa wapi?

Mzee_wa_Gemu

Anapika mamake. Yanauzwa pale pale, kwenye ndoo nyeupe nyuma ya kaunta.

Msafiri_Mokowe

Mnaona? NDOO.

Tuktuk_Namba_Saba

Pakiti ngapi sasa? Zamani ilikuwa kumi.

Kaskazi_Kavu

Ishirini. Ile kubwa hamsini.

Binti_Shela

Wewe umejuaje?

Kaskazi_Kavu

Nilikuwa nimesimama pale na hasira, watoto wanacheka, nifanye nini. Nilinunua ile kubwa.