Gereji imeniharibia dashibodi ya mbao na viti vya Triumph TR6, halafu wanataka nimalizie hela

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mnivumilie.

Gari ni Triumph TR6 ya 1972, ile ya wazi ya milango miwili, usukani kulia, injini ya lita 2.5 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja. Kwa wasioijua, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwishoni mwa 1968 hadi 1976. Zilitoka zaidi ya 90,000 na nyingi zikaenda Marekani, kwa hiyo za usukani wa upande wetu si nyingi kihivyo. Langu nililinunua Arusha, kwa familia ambayo mzee wao alilitunza hadi umauti ulipomkuta. Injini safi, bodi safi. Kilichochoka ni ndani tu: mishono ya viti imeachia, kapeti limeoza upande wa dereva, na dashibodi ya mbao imefifia, vinia (ule utando mwembamba wa mbao wa juu) imeanza kubanduka kwenye kona moja upande wa abiria.

Nikalipeleka gereji moja hapa Dar inayojinadi mitandaoni kuwa inafufua magari ya zamani. Jina naliacha, sitaki uzi ufungwe. Tukaandikishana kabisa: "kurudisha ndani kama lilivyotoka kiwandani". Nikatoa nusu ya hela.

Tuanze na mbao. Dashibodi ya TR6 si ubao mzima, ni plaiwudi iliyobandikwa vinia ya walnati, nyembamba isiyofika hata milimita moja, ikapakwa vanishi isiyong'aa. Haing'ai kwa sababu gari ni la wazi, ukishusha turubai jua linashuka moja kwa moja, na ubao unaometameta unamrudishia dereva mwanga machoni. Kwa hiyo kazi yake ni ya upole. Unatoa geji zote sita, ambazo nyuma zimeshikwa na vibati na nati za kuzungusha kwa vidole, spana ya nini? Vanishi kuukuu unailainisha kwa dawa ya kutolea rangi, unaikwangua taratibu, unamalizia na msasa laini kwa mkono ukifuata mkondo wa mbao. Kona iliyobanduka unaingiza gundi, unaibana, unaiacha ikauke. Basi.

Jamaa wameshusha mashine ya msasa!

Chini ya geji ya spidi kuna baka jeupe la ukubwa wa kiganja. Hapo vinia imekwisha kabisa, plaiwudi inachungulia, na nyuzi zake zinakwenda upande mwingine na zile za walnati, kwa hiyo hata kipofu akipapasa anajua kuna kitu. Kuficha uozo huo wakapaka rangi nyekundunyekundu ya mahogani dashibodi nzima, juu yake wakamwaga vanishi ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka, hadi ikajaa kwenye kingo za matundu ya geji. Geji ya mafuta ikagoma kuingia. Wakailazimisha. Ule mzingo wake wa kromu sasa umepinda. Na ndani ya vanishi, karibu na swichi ya taa, kuna mbu. Mbu mzima, na miguu yake yote, ameganda humo. Nilimwonyesha msimamizi, akajaribu kumkwangua kwa kucha.

Halafu pembeni ya redio wametoboa tundu la chaja ya simu. Nani aliwaagiza?

Nimekuja kugundua kazi ya mbao hawakuifanya wao. Walimpa fundi samani fulani kwa bei ya kutupa, bila kumwambia kile ni kitu gani. Sina ugomvi na mafundi samani, kitanda changu cha mninga kimetoka Keko na hakijawahi hata kulia. Ila mninga ule ni mbao nzima, ukipitisha mashine leo na kesho bado ipo. Yule fundi angeambiwa tu "hii ni vinia" nina hakika angeweka mashine chini. Hasira zangu ni kwa waliochukua hela yangu kwa jina la utaalamu.

Viti sasa. Watu wengi wanaamini gari la michezo la Kiingereza lazima liwe na ngozi. TR6 za kawaida zilitoka na rekisini, yaani ngozi bandia, na kibati cha gari lenyewe kina namba ya rangi ya ndani. Langu linasema 11, yaani nyeusi. Nilikipiga picha, nikawatumia WhatsApp, wakajibu kwa kidole gumba. Leo nimekuta viti vya damu ya mzee, vimeshonwa maumbo ya almasi kwa uzi mweupe, utadhani Toyota Crown ya dogo aliyepata mkopo juzi. Tena si ngozi, ni ngozi bandia ya kawaida ile ya kukata kwa mita, na wananiandikia "ongezeko la ngozi" kwenye bili.

Chini ya sponji ya TR6 kuna shiti la mpira linaloning'inizwa kwenye fremu kwa kulabu, ndilo linalobonyea ukikaa. Wamelitoa, wakaweka kipande cha plaiwudi na sponji ngumu ya godoro. Nimekaa, magoti yanagusa usukani na macho yangu yako usawa wa fremu ya juu ya kioo cha mbele. Mimi si mrefu, wakuu.

Yote hayo yanarekebishika kwa hela. Linalonichoma ni kwamba wametupa kava za zamani. Fundi viti anayejua kazi anazifumua zile kuukuu mshono kwa mshono, anazilaza juu ya rekisini mpya na kukata humohumo: upana wa kila mkunjo, ukingo wa pembeni unaanzia wapi, wapi pameachwa nafasi ya kuvuta. Ndiyo kipimo chenyewe. Nimeuliza ziko wapi, msimamizi ananiambia, "Bosi, zile zilikuwa takataka, tumekuboreshea." Paneli za ndani za milango nazo zimekwenda hukohuko. Nilipopandisha sauti akaniuliza, "Kwani gari halitembei?"

Na msiniambie spea hakuna. Uingereza hadi leo wapo wanaotengeneza dashibodi mpya na seti za kava za TR6. Siku ya kwanza niliwaambia mkiona pagumu acheni, tutaagiza, usafiri na ushuru juu yangu. Jibu lao: "Hii ndogo sana kwetu."

Sasa funguo wanazo wao, wamesema gari halitoki bila nusu iliyobaki, hiyo ngozi hewa, na hela ya maegesho. Siwapi hata mia mpaka geji ya mafuta iwe kama walivyoikuta na hilo shiti la mpira lipatikane, hata kama ni kwenye dampo.

Kuna mtu hapa aliyewahi kupeleka gereji Mahakama ya Mwanzo, au FCC (Tume ya Ushindani), kwa kazi ya namna hii? Maandishi yetu ninayo, na picha za kabla ninazo. Pia kama kuna mwenye TR6 Moshi, Arusha au hata Nairobi, naomba nije na karatasi na penseli nichore vipimo vya viti vyako, sitafungua hata uzi mmoja. Na wale wa "mkuu si ungenunua Crown", piteni tu leo.