Naomba ushauri: ubani kwa mgonjwa wa maltipo sklerosisi
Ndugu zangu, dada yangu, ninayemuuguza hapa Tanga, ana maltipo sklerosisi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili ishambulie utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo na kuleta mchochota. Shangazi yetu anasisitiza anywe maji ya ubani. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018 uliona madoa ya mchochota ubongoni yakipungua, ila wagonjwa walikuwa wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na walimeza vidonge vya dondoo ya ubani vya kipimo maalumu, si ubani huu tunaofukiza. Je, Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili hupima sampuli za ubani za watu binafsi? Dawa za hospitali hataziacha.