Betri za simu zilizovimba: nizipeleke wapi?

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Mimi ni fundi simu, mwaka wa tisa huu kwenye kibanda changu Ngamiani. Chini ya meza nina ndoo ya rangi ya lita 10, imepita nusu, yote betri mbovu. Nyingi zimevimba kama maandazi. Jumanne mchana, jua limewaka juu ya bati, moja ikaanza kufuka moshi mweupe wenye harufu tamutamu inayokaba koo. Nikaibeba kwa koleo hadi nje, ikalipuka moto pale barabarani, mbele ya mteja mwenye mtoto mgongoni. Tangu siku ile sina raha.

Bodi za simu hazinisumbui. Mnunuzi wa skrepa anapita kila mwezi, anapima kwa kilo, analipa, anaondoka. Chaja na waya anachukua pia kwa ajili ya shaba. Betri hataki hata kuziona. Kaniambia, "Tupa jalalani, fundi." Jalala lenyewe nalijua: watoto wanaokota chupa pale na moto hauzimiki. Siwezi.

Mwenye kujua anisaidie. Zinapokelewa wapi? Na kwa sasa nizitunze vipi?

Mzee_wa_Solda

Loweka kwenye maji ya chumvi siku mbili, chaji itaisha, kisha tupa. Sisi ndivyo tunavyofanya miaka yote.

Mchambuzi_Nrb (Nairobi)

Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Kazi yangu ni kuchambua taka za elektroniki. Maji ya chumvi hula vile vibati vya kutolea umeme kabla chaji haijaisha, ukadhani betri imekufa kumbe ingali hai. Ikiwa na tundu, maji yakiingia ndani hutoka gesi yenye sumu. Na yale maji utayamwaga wapi?

Fundi, ziba ncha za kila betri kwa selotepu, moja moja. Tafuta debe la chuma, tandaza mchanga mkavu, panga betri, funika kwa mchanga, endelea hivyo. Kifuniko kisibane, gesi ipate pa kutokea. Liweke kivulini, mbali na unapolala. Na usitoboe betri eti uipunguze hewa. Nimeona kijana akiungua vidole viwili kwa hilo.

Mnunuzi wako anazikataa kwa sababu ya hesabu. Shaba hutoka kwa koleo na moto. Ndani ya betri kuna kobalti, ambayo nyingi duniani huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, lakini kuitoa tena kunahitaji kiwanda, na viwanda hivyo viko mbali. Kwa hiyo betri ni gharama kabla hazijawa pesa. Huku Kenya sheria ya 2022 inamtaka mtengenezaji na mwagizaji wabebe mzigo huo. Kwenu kuna kanuni za 2021 za taka za umeme na elektroniki. Nenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, ofisi ya kanda yako, uulize nani ana kibali cha kukusanya.

Mama_Mikindani (Mombasa)

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza. Lakini huyo atakayekuja kuzichukua, mwulize azipeleka wapi. Sisi huku tuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri za magari kupata madini ya risasi, ukutani tu mwa nyumba za watu. Kilijiita cha kurejeleza! Moshi na maji machafu vikaingia majumbani, watoto wakapatikana na risasi damuni. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi mle ndani. Mwanawe mchanga alipougua, ndipo akaanza kupigana. Kikafungwa 2014. Mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikatenguliwa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, na mtu ana risasi mwilini.

Kibali kitazame kwa macho yako. Usitosheke na fulana yenye nembo.

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Mama, shikamoo, nimekusikia. Mchambuzi, asante sana.

Nimezihesabu jana usiku: 187, kilo nane na ushei. Selotepu imeniishia kwenye ya 120. Mchanga nilitaka kuchota ufukweni Raskazone, nikakumbuka una chumvi na unyevu, nimenunua wa mtoni kwa fundi ujenzi na kuuanika juani siku nzima.

Mafundi wenzangu sita wa mtaa huu nao wana ndoo zao chini ya meza, hakuna aliyewahi kusema. Tumekubaliana debe liwe moja, nyuma ya kibanda cha fundi redio kwenye kivuli cha mwembe, na Jumatatu tunakwenda NEMC wawili. Walio Muheza na Pangani wenye betri, msizitupe kwanza. Nitaandika hapa nikipata jina la mwenye kibali.